Mkebe umefunguliwa, madonge matano yamebaki: niyafanyeje?

*"Habari mwalimu. Kijana wangu anafanya kazi Nairobi kwa familia ya Kimarekani. Walipokuwa wanarudi kwao walimwachia mikebe mitatu ya unga uliokandwa tayari, ile ya karatasi ngumu inayokaa kwenye friji. Alikuja nayo kwa basi la usiku hadi Kisumu, ameifunga kwa gazeti ndani ya begi. Jana jioni nilifungua mmoja, ukalia 'pwaa' mpaka watoto wakakimbia. Ndani mlikuwa na madonge manane. Nilioka matatu kwa sufuria juu ya jiko la makaa. Chini yaliiva hadi yakaanza kuungua, katikati yakabaki mabichi kidogo, tukala hivyo hivyo. Matano niliyaweka kwenye friji nikayafunika na sahani, vile ninavyoweka unga wa chapati. Asubuhi nimeyakuta yameshikana, yamekuwa ya kijivu na yana ngozi ngumu. Je, yameharibika? Naweza kuyagandisha? Na mikebe miwili iliyobaki, ambayo imefura kidogo kwenye kifuniko, itafika Desemba kama tarehe yake inavyosema? Huku Nyalenda stima hupotea kila mara. Sina oveni. Nina kibanda cha chai, na nilikuwa nafikiria kuyakaanga kama mandazi niuze."*

Mama, umefanya vyema kuuliza kabla karai halijawekwa motoni. Wewe unahofia rangi ya kijivu na ile ngozi ngumu, lakini hizo hazinitishi. Kilichonitisha ni gazeti na begi. Nisikuzungushe: hayo madonge matano usiyapike, na hiyo mikebe miwili usiifungue. Tupa vyote. Najua kutupa chakula kunauma, na kinapokuwa zawadi ya mtoto kunauma zaidi, kwa hiyo nitakueleza sababu kwa utaratibu, ili akikuletea siku nyingine ujue cha kuokoa na kisichookolewa.

Wengi wakiona mkebe huamini kilichomo kitakaa kama maharagwe ya kopo. Maharagwe ya kopo hupikwa kwa joto kali kopo likiwa limeshafungwa, na joto hilo ndilo linaloua vijidudu. Huu mkebe wako ni karatasi ngumu iliyozungushwa, ina vifuniko vya bati, na ndani mna unga mbichi kabisa. Haukupitishwa motoni hata mara moja. Ulinzi wake ni baridi isiyokatika na gesi iliyobanwa ndani, basi.

Ubunifu wenyewe ni wa zamani. Lively Willoughby, mwokaji wa Louisville katika jimbo la Kentucky, alipata hataza yake, yaani haki ya mvumbuzi, mwaka 1931. Kampuni ya Ballard & Ballard ya mji huo huo ndiyo iliyouza unga huo, na mwaka 1951 Pillsbury ikainunua Ballard. Unga hukandwa pamoja na magadi soda na asidi inayofanya kazi polepole, hukatwa madonge, hupangwa mkebeni huku ikiachwa nafasi kidogo, kisha mkebe hufungwa na kuachwa kwenye joto la wastani kwa muda. Magadi na asidi huanza kutoa kaboni dioksaidi, unga unaumuka hadi unajaza kila pembe na kuisukuma hewa nje. Hapo ndipo mkebe unapopelekwa kwenye baridi. Ule mlio uliowakimbiza watoto ni gesi hiyo ikitoka. Ukungu hauoti bila oksijeni, na mkebe ukiwa umefungwa oksijeni ni kidogo mno. Sehemu nyingine ya magadi hubaki haijatumika, ikingoja joto la oveni ili donge liinuke mara ya mwisho.

Sasa linganisha na unga wako wa chapati. Huo hauna cha kuumua. Ni unga, maji, chumvi na mafuta, na ukilala kwenye friji unalainika tu, kesho yake unasukumika vizuri hata kuliko jana. Unga wa mkebe hauna mapumziko ya namna hiyo. Dakika unapofungua, gesi inaondoka, magadi yanaendelea kufanya kazi polepole hata kwenye baridi, na kila saa inayopita inapunguza nguvu ya kuinuka. Ile tarehe iliyochapwa kwenye mkebe nayo huisha maana siku hiyo hiyo. Iliandikwa kwa ajili ya mkebe uliofungwa na ambao haujawahi kutoka kwenye baridi.

Ngozi ngumu ni ukavu. Hewa ya friji ni kavu sana, na sahani iliyofunika bakuli huacha mianya pembeni, hivyo uso wa donge unakauka kama uji uliosahaulika mezani. Kijivu kinatokana na vimeng'enya vilivyo kwenye unga wa ngano vikikutana na oksijeni. Bila shaka umeshakiona kwenye unga wa chapati wa siku mbili. Rangi hiyo peke yake haimaanishi kuoza. Kama mkebe ule ungekuwa umekaa kwenye baridi tangu dukani hadi kwako, ningekwambia kata ile ngozi, tenganisha madonge, yapike leo, na usishangae yakiinuka nusu ya wenzake wa jana. Dalili za kuoza ni nyingine: harufu kali ya uchachu, utelezi, majimaji ya kijivu chini ya chombo, au madoa ya ukungu. Ukiona ukungu kwenye donge moja, yaliyogusana nalo yote yanafuatana kwenye taka, kwa sababu unga ni laini na nyuzi za ukungu huingia ndani pasipoonekana.

Lakini mkebe wako haukukaa kwenye baridi. Chakula kibichi cha friji kinatakiwa kiwe nyuzi 4 za selsiasi au chini. Kati ya nyuzi 4 na 60 vijidudu huongezeka kwa kasi, na kanuni ya usalama ni kwamba kisikae hapo zaidi ya saa mbili. Joto likipita nyuzi 32, saa moja. Kutoka Nairobi hadi Kisumu ni takriban kilomita 350, usiku mzima kwa basi, mikebe iko ndani ya begi katikati ya nguo na pumzi za abiria. Hata kama nje kulikuwa na baridi ya Molo, ndani ya begi unga ulipata joto saa nyingi kupita kipimo. Na kufura huko kwa vifuniko ni ushahidi. Joto liliamsha magadi yaliyokuwa yamelala, yakatoa gesi kabla ya wakati wake. Barabara nayo hupanda Mau Summit, juu kuliko Nairobi kwa mamia ya mita, na hewa ya nje ikipungua nguvu gesi ya ndani husukuma zaidi. Tatizo ni kwamba wapo bakteria ambao pia hutoa gesi, na wapo wanaotengeneza sumu mahali pasipo na oksijeni iwapo baridi imekosekana. Ukiwa nje ya mkebe huwezi kujua ni gesi ya nani.

Sisemi kwamba ukiula lazima uugue. Uwezekano mkubwa ni kwamba kilichofura ni magadi tu. Ila kosa la upande wa pili ni zito mno, na kuonja au kunusa hakukupi jibu, kwa sababu vijidudu vinavyowafanya watu waugue mara nyingi havibadilishi ladha wala harufu. Baadhi ya sumu zao hazifi hata kwa kukaanga. Kwa thamani ya madonge ishirini na moja, sioni sababu ya kubahatisha.

Namna ya kutupa ina umuhimu wake. Usiitie mikebe hiyo kwenye moto wa taka, itapasuka na kurusha bati. Usiitoboe. Ipoze kwenye friji kwanza ili mgandamizo upungue, uifunge ndani ya gunia au mfuko mzito, kisha itupwe mahali ambapo watoto na mbwa hawafukui. Rafu ya friji iliyoshika unga mbichi ifute kwa maji ya moto na sabuni.

Kuhusu ninyi mliokula yale matatu. Ubichi wa katikati ni jambo la kuangalia, kwa sababu unga wa ngano wenyewe si chakula kilichopikwa. Unatoka shambani, unasagwa, unafungwa, na vijidudu vya shambani vinaweza kufika nao hadi jikoni. Mwaka 2016 huko Marekani watu wengi waliugua kutokana na bakteria wa E. koli waliokuwa ndani ya unga wa kawaida, na baadhi yao walikuwa wameonja unga mbichi tu. Kwa hiyo watazame watoto kwa wiki moja na siku kadhaa. Tumbo kuvuruga kidogo na kupona ndani ya siku moja si jambo la kukukosesha usingizi, mradi mtu anakunywa maji ya kutosha na maji ya dawa ya chumvi na sukari (ORS). Lakini kuhara damu, homa kali, kutapika kusikokoma, mkojo kupungua au macho ya mtoto kuingia ndani, hapo usisubiri kesho. Nenda kituo cha afya cha karibu, na kama ni mtoto wa chini ya miaka mitano, mjamzito au mzee, nenda mapema zaidi ya wengine. Akitokea mtu anaona vitu viwili viwili, kope zinalegea, anashindwa kumeza au sauti inabadilika, huyo apelekwe moja kwa moja hospitali kubwa, kwenu ni ile ya rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, hata kama ni usiku wa manane, na mweleze daktari alikula nini na lini.

Tuseme sasa kijana wako amepata mikebe mingine. Mwambie anunue boksi la baridi, hata lile jepesi la wauza samaki, aipange na barafu juu na chini, na isitoke humo mpaka inaingia kwenye friji yako. Iweke ndani kabisa kwenye rafu ya kati, isiwe mlangoni, maana mlango ndio sehemu inayopata joto kila unapofungua. Mkebe uliofungwa usiuweke kwenye friza: maji yaliyo ndani ya unga hutanuka yakiganda, na mkebe unapasuka.

Na ukifungua, oka yote. Hilo ndilo jibu langu la msingi kwa swali lako la kuhifadhi. Mkate uliokwisha kuokwa unahifadhika vizuri kuliko unga mbichi wa aina hii, kwa mbali. Acha upoe kabisa, uufunge kwa foili au kwenye dishi lenye mfuniko unaobana. Kwenye meza utakaa siku moja au mbili, na kwenye friza hata miezi miwili. Kuupasha, nyunyiza matone ya maji, uweke kwenye sufuria kavu iliyofunikwa, moto mdogo, dakika chache.

Kama ni lazima ubakishe mabichi, labda umebaki peke yako na madonge manane, basi yatenganishe usiku huo huo, kila moja lipakwe mafuta kidogo ili lisikauke, yakae kwenye dishi lenye mfuniko bila kugusana, na yapikwe kesho yake. Mimi sipendi kuyapitisha siku ya pili. Kuyagandisha kunawezekana: yatandaze kwenye sinia yagande moja moja, halafu uyaweke pamoja kwenye chombo kilichofungwa na uyatumie ndani ya mwezi. Ila tarajia mkate mzito. Vipande vya barafu hukata nyuzi zinazoshikilia gesi, na gesi yenyewe ilishapungua tangu mlio wa kwanza.

Stima ikipotea, usifungue mlango wa friji kuchungulia. Friji iliyofungwa hushika baridi kama saa nne. Friza iliyojaa hushika saa 48, na iliyojaa nusu hushika saa 24, lakini hiyo ni friza kamili. Kile kisanduku kidogo cha barafu kilicho ndani ya friji ndogo hakifiki huko. Weka chupa ya maji iliyoganda humo siku zote; ukirudi ukaikuta imekuwa maji kabisa, unga mbichi uliokuwa pembeni yake umekwisha. Na kama friji yako haigandishi maji hata stima ikiwepo siku nzima, mwite fundi aitazame kabla ya kuiamini na chakula cha wateja.

Nije kwenye sufuria, kwa sababu hapo ndipo ulipopatwa na ubichi. Jiko la makaa linapiga joto kutoka chini peke yake. Chini ya donge kunaungua wakati katikati hakujafikiwa, na kwa kuwa donge la mkebe ni nene, tofauti inakuwa kubwa. Chukua sufuria nzito, tandaza mchanga mkavu safi au chumvi ya mawe chini, kama unene wa kidole, uifunike na kuipasha robo saa. Madonge yapange kwenye bati dogo lililopakwa mafuta, yaachane kama upana wa vidole viwili, na uyabonyeze kidogo yawe bapa. Liweke bati juu ya mchanga, ufunike kwa mfuniko bapa wa bati, halafu weka makaa juu ya mfuniko mengi kuliko yaliyo chini. Hiyo ndiyo siri yenyewe, moto wa juu uushinde wa chini. Oveni ya kawaida ingekuwa nyuzi 175 hadi 190 kwa robo saa hivi. Kwa sufuria ongeza dakika tano hadi kumi na usifunue kila mara. Ukidhani yameiva, chukua lililo katikati ya bati, si la pembeni, na ulipasue kwa mikono. Mvuke utoke, matabaka yaachane, ndani pawe pakavu na pepesi. Ukiona mng'ao wa majimaji au unga unanata kidoleni, rudisha. Fanya kazi hii nje au kwenye banda lililo wazi. Hewa ya makaa ndani ya chumba kilichofungwa inaua bila kunuka.

Kukaanga kunawezekana pia, na Wamarekani wenyewe hufanya hivyo, lakini si kwa kulitumbukiza donge zima. Likiwa nene, nje litakuwa la rangi ya mandazi na ndani uji. Lisukume hadi unene wa nusu kidole, toboa tundu katikati, na mafuta yawe ya moto wa wastani: kipande kidogo kikitupwa kinazama, kinatulia kidogo, kisha kinapanda na mapovu kukizunguka. Kikiwa cha kahawia mara tu baada ya kugusa mafuta, punguza moto. Ninachokipenda mimi kuliko vyote ni kukata donge vipande vinne na kuvitupia juu ya mchuzi mwepesi wa kuku wa kienyeji unaochemka taratibu, ukafunika dakika kumi hadi kumi na tano bila kufunua. Vinavimba kwa mvuke, vinakunywa mchuzi, na ubichi hauna pa kujificha kwa sababu vipande ni vidogo.

Kwa kibanda, usiuze unga wa mkebe hata ukija na barafu. Mteja akiumwa tumbo hutakuwa na risiti wala historia ya baridi ya kumwonyesha afisa wa afya ya umma wa kaunti, na jina la kibanda halirudi haraka. Hesabu yake pia haikubali, kwani mkebe mzima unatoa vipande vinane. Unga wako mwenyewe utakufaa zaidi, na huo unaweza kulala. Kanda kilo moja ya unga wa ngano jioni kwa hamira kijiko kimoja tu cha chai, maji ya baridi, sukari na mafuta yako ya kawaida. Upake mafuta juu, uweke kwenye dishi lenye mfuniko lililo kubwa mara mbili ya unga, na ulale ndani ya friji. Hamira haifi kwenye baridi, inapunguza mwendo tu. Alfajiri utaukuta umeumuka, ukate, uache vipande vipumzike dakika ishirini hivi hadi ubaridi utoke, ndipo ukaange. Bekingi pauda ni kinyume chake: ukikanda nayo, kaanga siku hiyo hiyo. Na usiku ambao stima imekatika tangu magharibi, usikande. Kanda alfajiri kwa hamira vijiko vitatu na maji ya uvuguvugu, na uwaambie wateja mandazi yatatoka saa mbili.